Jina la Baba Yangu Limemkwama Baba Mkwe Kooni

Shangazi Peggy, nakushika miguu, nisaidie, na unisamehe mwandiko huu maana mkono mmoja umeshika kalamu na mwingine umembeba mtoto, na mtoto mwenyewe ndiye habari, kwa sababu anakaribia kutimiza mwezi na nusu hana jina, tunamwita Bwana Mdogo kama vile ni mpangaji, na sheria inatutaka tumwandikishe kabla ya wiki ijayo kwisha, na nyumba nzima imevunjika vipande kwa ajili ya hilo jina, na sababu yenyewe naijua mimi peke yangu na nimekatazwa kuisema.

Mimi ni Mwayalandi, kwetu ni kijijini Cork, na mume wangu Russell ni Mwingereza wa hapahapa Barnsley, tumeoana kwa mapenzi na hatujawahi kugombana kwa sababu ya utaifa ila siku za mechi. Baba yangu alifariki majira ya baridi yaliyopita nikiwa na mimba changa, hakujua kama ni mvulana. Aliitwa Tadhg, jina ambalo hutamkwa Taig tu, zile herufi nyingine zimekaa humo kama watu waliokuja harusini bila kualikwa. Ujana wake alikuja huku Uingereza kujenga barabara, na shangazi, miaka yote ile hakuna msimamizi aliyemwita kwa jina lake, waliwaita wote Paddy, kundi zima, kama ng'ombe wa zizi moja. Aliniambia siku moja, "Nilirudi nyumbani, Nuala, nisikie tena jina langu." Kwa hiyo mtoto alipozaliwa sikuhitaji kufikiri.

Russell mwenyewe mwanzoni alikuwa anapenda Edwin, lakini alinitazama usoni akasema, "Basi Tadhg, ila utanifundisha kuliandika." Tukaenda kwa wakwe chakula cha mchana Jumapili kuwaambia. Mama mkwe wangu, Brenda, mwanamke mwenye ulimi lakini moyo wake safi, akaomba nimwandikie, akavaa miwani, akasema, "Hili ni jina au ni kikohozi? Maskini mjukuu wangu, kila akijitambulisha watu watamwambia pole." Nami nikamjibu, "Mama, ninyi mnaitwa Hinchliffe. Mama yangu kule Cork ameshachana kadi tatu za Krismasi akijaribu kuliandika." Tukacheka wote, kweli tulicheka, hadi Brenda akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza.

Baba mkwe hakucheka. Ray si mtu wa maneno mengi, lakini ananipenda, tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu. Aliweka uma chini, na nyama bado imejaa sahani, akasema, "Jina lolote, mwanangu. Mwiteni Nebukadneza mkitaka. Hilo hapana."

Russell akauliza, "Hapana kwa nini?"

"Hapana tu."

"Baba, ni jina la baba yake Nuala. Tumemzika juzi."

"Najua. Nasema hapana." Akainuka, akatoka uani. Russell akamfuata, na dirisha lilikuwa wazi, tukasikia yote, mimi na Brenda tumekaa kama waliomwagiwa maji. "Sema tu kwamba huwapendi Waayalandi! Miaka yote umemchekea mke wangu usoni, kumbe!" Na Ray hajibu. Hajibu, shangazi! Kama angesema neno moja tu, lakini alisimama anatazama ua, na Russell akarudi ndani amebadilika rangi, akachukua kigari cha mtoto, akasema, "Twende. Mtoto wangu hatakanyaga tena hapa."

Tangu siku hiyo hatujaenda. Russell sasa hataki kusikia jina lingine, lakini si kwa ajili ya baba yangu tena, naona, ni kwa ajili ya baba yake. "Ataitwa Tadhg," anasema, "na mzee ataliona kila kadi ya siku ya kuzaliwa mpaka afe." Mama yangu naye anapiga simu kutoka Cork kila asubuhi: "Mmeshamwandikisha? Nisisikie mmemwita Stanley. Mkimwita Stanley, simjui." Brenda anapiga mchana, analia, anasema kwani Jack lina ubaya gani, kila mtu anaweza kusema Jack.

Basi Jumatano iliyopita Russell akiwa kazini mlango ukagongwa, ni Ray, amebeba mfuko wa viazi na vitunguu vya bustani yake. Nikamkaribisha, nikampa chai, nikampa na mtoto amshike, maana alikuwa anamwangalia kama mtu mwenye njaa anavyoangalia dirisha la duka la mikate. Akakaa naye. Halafu akasema, bila kunitazama, "Russell anajua jeshini nilikuwa dereva. Hata Brenda anajua hivyo."

Akaniambia alipelekwa Ayalandi ya Kaskazini akiwa kijana, miaka ile ya fujo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na hakuwa dereva. "Kule neno hilo si jina," akasema. "Wanalivuta kidogo tofauti, lakini ni hilohilo, nami nilipolisikia mezani nililisikia kwa sauti yangu. Ni tusi la kuwatukania Wakatoliki. Lilichorwa kwenye kuta. Sisi tuliotoka huku tulilidaka tukalitumia, hatukujua kwamba kuna mtu duniani aliyebatizwa hivyo." Mtoto akamshika kidole. "Siku moja tulikuwa tunapekua nyumba. Tukamtoa nje mzee mmoja amevaa fulana, mvua inanyesha, mkewe na wajukuu wamesimama mlangoni. Nikamwita hivyo. Tena nilicheka. Akanigeukia taratibu, akaniambia, 'Mwanangu, hilo ni jina la baba yangu.'"

Shangazi, aliniambia kwamba yule mzee hakupaza sauti. Alilisema kama mtu anayekuonyesha njia. Na Ray akasema, "Nitamwitaje mjukuu wangu kwa mdomo huu?" Akamrudisha mtoto mikononi mwangu, akaniapisha nisimwambie Russell, akaondoka na kuacha chai yake haijaguswa.

Sasa nifanyeje? Nikinyamaza, mume wangu atamchukia baba yake kwa kosa ambalo silo. Nikisema, nimemsaliti mzee aliyenipa siri yake. Nikiliacha jina, namzika baba yangu mara ya pili. Nikilishikilia, namchoma mtu ambaye tayari anaungua. Na kusema kweli sijui hata kama nimemsamehe, kwa sababu usiku huo nilimwota baba yangu amesimama kwenye mvua na fulana.

Nuala H., Barnsley

Nuala mwanangu,

Pole, na hongera, maana katika vurugu hili sidhani kama kuna aliyekumbuka kukupa hongera. Umezaa juzi, umemzika baba mwaka haujaisha, na bado watu wazima wanne wanakujia jikoni kila mmoja na mzigo wake wautue kichwani pako. Mpe mtu mtoto amshike, unywe chai ikiwa bado ya moto. Kisha usome.

Nianze na mumeo, kwa kuwa ni rahisi kumgombeza mtu ambaye hayupo. Russell, kama unasoma begani kwa mkeo: jina la mtoto si jiwe la kumpigia baba yako. Ulilikubali kwa upendo, ukaja ukalishika kwa hasira, na mtoto atajua tofauti hata kabla hajaota meno. Ulimuuliza baba yako kwa nini mara moja tu, na jibu ukajijibu mwenyewe.

Sasa wewe. Siri ya Ray si yako kuitoa, hilo umelijua bila mimi. Lakini nani alikwambia ni yako kuilinda hadi ndoa na ukoo viteketee? Alipokuapisha alikuwa anaomba kitu ambacho hana haki ya kukiomba: kwamba mwanawe amwone ni mtu wa chuki, nawe ukae kimya umeshika mtoto. Mtu anaweza kukuachia mzigo mlangoni, lakini hawezi kukulazimisha uulalie.

Nenda kwake. Usimpigie simu, nenda, tena nenda na mtoto, na umkute kwenye bustani yake ambako mikono yake ina kazi. Mwambie hivi, bila kupamba: "Baba, ama umwambie Russell wewe mwenyewe kabla hatujamwandikisha mtoto, nami nitakaa pembeni yako, ama nitamwambia Russell kwamba kuna jambo unalo na nimekataa kulibeba." Hujatoa siri yake. Umemrudishia tu. Halafu mweleze habari za baba yako, jinsi alivyoitwa Paddy miaka yote ile kwenye barabara zetu. Usimweleze ili kumwongezea adhabu. Mweleze ajue kwamba jina hili lilishanyang'anywa mtu zaidi ya mara moja, na mtoto wenu ni nafasi ya kulirudisha.

Unaniuliza kama umemsamehe. Hujamsamehe, na hulazimiki kumsamehe wiki hii. Mzee wa ile nyumba hayupo kukupa ruhusa, na wewe si msemaji wa Ayalandi nzima. Unachoweza kukiona ni kwamba mtu asiye na aibu angekula nyama yake Jumapili ile na kusema, "Jina zuri, niongezee mchuzi." Ray hakuweza kumeza. Mtu huyo mimi ningemwachia mjukuu wangu amlee bila wasiwasi, kuliko wengi wanaomeza kila kitu.

Na jina? Mwite Tadhg. Jack ni jina zuri kwa mtoto ambaye wazazi wake walilitaka. Wenu angelibeba kama koti la kuazima. Neno lililotiwa uchafu halisafishwi kwa kufungiwa kabatini, linasafishwa kwa kutumika: mtu aitwe nalo aje kula, aitwe nalo avae viatu, aitwe nalo kwa mapenzi hadi lile tusi liishiwe pumzi. Edwin liwe la pili, na Brenda mwambie asilalamike, upande wake umeshapata Hinchliffe, na hilo nalo limetesa watu. Mama yako Cork naye mwambie nimesema apunguze simu.

Ray asipoweza kulitamka mwanzoni, msimlazimishe, na msimcheke. Amwite Bwana Mdogo. Koo lililofungwa miaka hiyo yote halifunguki kwa amri.

Shangazi Peggy

Wasomaji wangu, jibu hili nililipeleka kwa posta kwanza kwa sababu muda wa kuandikisha ulikuwa unakwisha, na sikukusudia kulichapisha. Aliyesema lichapishwe ni Ray mwenyewe, na majina yabaki yalivyo.

Alimwambia mwanawe, bustanini, Nuala amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Russell hakumkumbatia baba yake. Alitoka akatembea, na aliporudi alikuwa na hasira mpya, ya kudanganywa kwa maisha yake yote kuhusu huo udereva, na hasira hiyo haijaisha. Nuala anasema bado wanaongea kama watu wanaouziana tiketi. Lakini wanaongea. Jioni hiyo Ray alirudi nyumbani akamwambia na Brenda, na Brenda akampikia, wala hakutania.

Mtoto ameandikishwa Tadhg Edwin Hinchliffe, na karani ilibidi aombe kurudiwa mara mbili, kwa majina mawili kati ya hayo matatu.

Alhamisi iliyopita Ray aliomba asukume kigari cha mtoto hadi madukani. Nuala alikuwa nyuma kidogo, anafunga kamba ya kiatu, mama mmoja mpita njia alipoinama kumwangalia mtoto na kuuliza anaitwa nani. Ray alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba yule mama alianza kuondoka.

"Tadhg," akasema. "Ni jina la babu yake wa Cork."

Yule mama akasema samahani, hakusikia vizuri. Ray akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.