Gari la Bati

Jumapili, 13 Julai 2025

Hussein kapiga simu! Wiki saba kimya, leo kapiga. Moyo ulivyonidunda nikakalia ndoo ya maji nikidhani ina mfuniko. Nimelowa hadi kiunoni. Nikamsikiliza hivyo hivyo.

Hakuuliza mguu wangu unaendeleaje. Anataka ile mashine ya mchezo. Happiness, mkewe mpya, kafungua mgahawa Mikumi, kando ya barabara kuu, wazungu wanaotoka mbugani wanashuka pale kula, na anasema watapenda kitu cha zamani. Atakuja na kirikuu Ijumaa ya tarehe 25. Halafu niandike historia ya mashine, ukurasa mmoja, ibandikwe ukutani. Wewe ndiye mwenye kumbukumbu, anasema, mimi nimeshasahau mengi.

Nikasema sawa. Mdomo wangu huu ambao soko zima la Kilosa linauogopa — nikasema sawa.

Mgahawa wenyewe Hussein kauita kwa jina la huyo mkewe mpya. Nyumba yetu hii haijawahi kuitwa chochote.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeangalia kalenda ya msikitini. Alinipa talaka moja, mwezi mosi Mfungo Pili, mwishoni mwa Aprili. Moja tu, si tatu. Kwa hiyo eda yangu ikiwa haijaisha anaweza kunirejea, neno moja tu linatosha, hata harusi haihitajiki. Kwa umri wangu eda ni miezi mitatu. Mfungo Tano ukiandama, basi. Nao utaandama Ijumaa hiyo hiyo jioni, au Jumamosi.

Anakuja Ijumaa! Kapanga au kaangukia? Hussein hajapanga kitu maishani. Hata siku ya harusi nilipanga mimi.

Nimemwambia jirani Magreti. Akasema, dada Joha, mwanaume akija na gari la mizigo, kaja kwa ajili ya mizigo. Alikuwa kaja kuomba chumvi. Nikamwambia imeisha.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwita Lupakisyo, fundi wa TV. Mashine haijawaka tangu 2019, imekaa sebuleni imefunikwa kitenge, juu yake naweka Kurani na dawa za presha. Nimemwambia nataka iwake kabla ya tarehe 25. Kaniuliza kwa nini nihangaike na kitu kinachoondoka. Nikamwambia fundi wa TV hulipwa kwa kutengeneza.

Kwa nini? Kwa sababu Hussein akiiona imewaka atakaa. Namjua. Hawezi kuipita. Na akikaa tutaongea.

Kafungua mlango wa nyuma. Maandishi yote ya chaki yamo bado! Mashine hii umeme ukikatika inasahau alama zote, na umeme wa Kilosa kila mtu anaujua. Ndiyo maana pale klabu ya reli ilikuwa sheria: ukivunja rekodi unaandikwa ndani ya mlango, jina na tarehe, na mashahidi wawili. Bila mashahidi huandikwi. Jina la Hussein lipo mara tisa. Langu lipo mara moja, Machi 1985, na shahidi wa kwanza ni yeye.

Nimelia mbele ya fundi. Kajifanya anatafuta bisibisi.

Ijumaa, 18 Julai

Historia. Nimeandika hivi:

“Mchezo huu wa mbio za magari ulitengenezwa Marekani mwaka 1976. Ni katika michezo ya mwanzo kabisa duniani. Hauna rangi, ni mweusi na mweupe. Jina lake maana yake ni dereva wa usiku. Una usukani, gia nne, na pedali moja ya mafuta. Breki hauna. Uliletwa Kilosa na meneja wa shamba la mkonge, Mgiriki, naye alipohama mwaka 1980 aliuachia klabu ya reli. Klabu ilipofungwa mwaka 1994 ulinunuliwa na Bwana Hussein.”

Nimesoma. Kila neno ni kweli na mimi simo hata kidogo.

Nimechana. Nimeandika tena, yaleyale. Nikaongeza mstari mmoja mwishoni: “Gari lake lilikatwa na binti wa fundi wa reli.” Nikaacha hivyo.

Jumanne, 22 Julai

Imewaka!! Lupakisyo kachomelea kapasita tatu na kubadili transfoma. Kwanza kioo kikatoa ukungu, halafu zile nguzo nyeupe zikaanza kuja, mbili mbili, kulia na kushoto. Huoni barabara. Unaona nguzo tu gizani, na unajua njia iko katikati.

Kaniuliza saketi ya gari iko wapi, hajaiona. Nimecheka, mara ya kwanza tangu Aprili. Gari halina saketi, baba! Gari halimo kwenye mchezo. Kiwandani walibandika picha ya plastiki chini ya kioo, basi. Gari haliendi popote, nguzo ndizo zinazokuja.

Ile plastiki iliharibika mvua za 1983, paa la klabu lilipovuja. Walevi wakasema mchezo umekufa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikachukua mfuniko wa kopo la mafuta ya kupikia, nikaiba mkasi wa bati wa baba, nikakata gari, nikalipaka rangi ya kucha ya mama. Pua ikapinda kushoto kidogo. Baba akalibandika mwenyewe, akasahau kunichapa.

Wiki hiyo akaja kijana kutoka Tindiga, kaleta mchele stesheni. Akacheza mara moja, akauliza klabu nzima: nani kakata hili gari? Limepinda kushoto, linanivuta mtaroni! Wakaninyooshea kidole. Akasema, basi nitajifunza kuliendesha lilivyo.

Miaka arobaini na mbili. Hayo sitayaandika kwenye karatasi ya mgahawa.

Alhamisi, 24 Julai

Hina miguuni. Inaruhusiwa, nimemuuliza ustadhi kwa simu: mwenye talaka rejea anaweza kujipamba mumewe amwone. Kajibu haraka kama mtu mwenye haya. Magreti kaja kunipaka. Nimempa chumvi.

Binti yangu kapiga kutoka Morogoro. Mama, usimwombe. Simwombi! Nitapika wali na samaki, nitavaa gauni la kijani, nitakaa kimya. Huko si kuomba.

Jioni nimefuta mashine yote. Gari limechubuka, bati linaonekana. Nimelibandua, kesho asubuhi nalipaka rangi upya, nalirudisha. Kasema atafika saa nane baada ya swala ya Ijumaa.

Ijumaa, 25 Julai

Amefika saa nne! Rangi mbichi, gari liko mkononi, na mimi nimevaa kanga ya kupikia. Naandika jikoni, nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Kaja naye. Nilisikia mlango wa kirikuu, halafu mlango wa pili. Happiness kapiga goti kidogo, shikamoo dada. Shikamoo! Nikaitika marahaba, ningefanya nini. Ni mwanamke wa kawaida. Ana kandambili. Nilikuwa nimemtengenezea visigino virefu kichwani mwangu miezi mitatu.

Hussein kaiona mashine. Ala, inawaka! Kavuta kigoda, kakaa. Nilijua! Nikampa ile karatasi. Kaikunja mara nne, kaitia mfuko wa shati, hajasoma. Mkono mwingine tayari uko kwenye usukani.

Mimi nikarudi jikoni kuweka chai. Gari nimelifungia kwenye pindo la kanga. Sikuwa nimepanga. Lakini nikajiambia: sasa hivi ataniita. Ataona kioo kitupu, ataita, Joha, gari liko wapi? Ataniita kwa jina, nitalipeleka, nitalibandika mbele yake, na hapo ndipo patakuwa pa kusema neno, kama lipo.

Mchezo wa kwanza umeisha. Nimesikia ile sauti.

Wa pili. Anacheka kile kicheko chake cha puani. Anamweleza mwenye kirikuu aliyewaleta namna ya kuingiza gia ya tatu.

Wa tatu. Anaendesha vizuri. Anaendesha vizuri sana bila gari, mbona. Hajaona.

Labda macho. Ana miaka sitini na tatu, labda macho.

Wa nne.

Nimelitoa kwenye pindo, rangi imeshika kanga. Nimeliweka mezani na daftari juu yake. Chai inachemka na siiepui.

Happiness kaja mlangoni. Dada, samahani, anasema. Kile kioo naona nguzo tu. Hapo chini pana alama ya gundi. Hapakuwa na gari?

Kabla sijafungua mdomo Hussein kajibu kutoka sebuleni, kwa sauti kubwa, bila kuacha kucheza: hiyo haijawahi kuwa na gari, mama, ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Sebuleni nguzo zinaendelea kuja, nasikia. Mwandamo ni leo jioni. Happiness hajaondoka. Anadhani bado naandika historia, anasubiri nimalize. Hatazami daftari. Anatazama vidole vyangu, vina rangi nyekundu, na sasa anashika kiti, anakivuta, anakaa