Maganda ya Mayai

Mdogo wangu mpendwa, mwana wa mama,

Barua yako ilinifikia Jumanne, na nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa ajili ya mwandiko wako tu. Vipi magoti? Na wajukuu, bado wanakuvunja mbavu kwa vituko vyao? Mimi ni mzima, ila macho yananisumbua, na baridi ya huku haijanizoea hata baada ya miaka arobaini na sita.

Uliniuliza siku zangu zinapitaje tangu nistaafu ualimu. Nimepata kazi ya kujitolea. Shule za serikali za wilaya yetu huwapa watoto chakula cha mchana bure, na kwa miaka mingi kilikuwa chakula cha aibu: maharage yenye mawe, mkate wa kuvunja jino. Mwaka jana iliundwa kamati ya kukiboresha, nami nikaingizwa kwa sababu ya mvi zangu. Wazo la kupima makombo lilikuwa langu. Nilisema kwamba mtoto akiulizwa chakula kikoje atajibu la kumfurahisha mwalimu, lakini ndoo ya makombo haina adabu. Basi nikapewa mizani, nikawa nazunguka shule moja baada ya nyingine. Watoto wakanibandika jina, Babu Mizani.

Tulileta mboga, matunda, mkate laini, na yai la kuchemsha kwa kila mtoto. Makombo ya kila shule yakashuka kutoka kama kilo thelathini na moja hadi tano kwa siku. Shule ya karibu na kiwanda cha matofali ilizipita zote: haikufika hata kilo moja. Mpishi wa pale, mama mmoja mwenye ulimi mkali ambaye watoto humwita Mama Ukoko, alinitania kwamba nikizidi kuinamia ndoo zake watu watasema namtaka yeye.

Siku ya nne ya kupima pale nikaona. Yalikuwa yamegawiwa mayai mia mbili na kumi, na ndani ya ndoo mlikuwa na maganda ya mayai themanini tu. Hakuna mtoto alaye ganda. Nilipomuuliza Mama Ukoko, mzaha ulimwisha. Alinivuta stoo, akaniambia kwamba wengi wa watoto wale wana wadogo zao nyumbani ambao hawajafika umri wa shule, na kwamba yeye huyaacha mayai na maganda yake makusudi, yabebeke mfukoni. Akaniomba, akiniita baba, nipime ndoo yangu niende zangu.

Niliandika kwenye ripoti. Niliandika kwa sababu hesabu haikukaa sawa, na kwa sababu nilijua itasomwa kwa sauti mbele ya watu. Mwenyekiti alisema chakula cha wanafunzi ni cha wanafunzi. Mama Ukoko akafukuzwa, mayai yakawa yanamenywa jikoni, na ikawekwa sheria kwamba chakula kinaliwa mezani, hakitoki. Nikaombwa nisimame mlangoni siku za mwanzo, maana watoto wananijua.

Siku ya tatu binti mmoja wa darasa la pili alifika mlangoni shavu limemvimba. Nikamsalimu, hakuitikia. Nikamwambia afungue mdomo. Yai lilikuwa zima mle ndani, halijaguswa na jino. Wenzake wakaangua kicheko, mmoja akamwita kuku anayetagia mdomoni. Nikamwambia ameze. Akatikisa kichwa. Nikasema hatoki mtu hapa mpaka ameze, kwa ile sauti yangu ya darasani. Akatafuna huku analia, akameza, kisha akaniuliza sasa mdogo wake akampe nini. Nikamjibu kwamba hilo si swali langu.

Hajarudi shule tangu siku hiyo. Anaonekana sokoni na mtoto mgongoni, wakiokota nyanya zilizopasuka. Makombo ya shule ile sasa ni kilo sita, na kamati imeridhika kwamba namba hizi ndizo za kweli. Mwezi ujao sheria itaanza wilaya nzima.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, wewe ulikuwa na miaka mitano, lakini unamkumbuka kitinda mimba wetu, na unakumbuka mama alivyoniagiza nibakize nusu ya uji wa shule nimletee. Kila siku nilirudi na kikombe kitupu, nikasema mlinzi wa lango haruhusu chakula kutoka. Mama alimlaani mlinzi yule mpaka anaingia kaburini, nawe hadi leo unawasimulia wajukuu ukatili wake. Haikuwapo sheria kama hiyo, mdogo wangu. Uji niliunywa mimi njiani, nyuma ya ukuta wa vyoo, siku kumi na tisa mfululizo, mpaka mtoto akafa. Yule mlinzi alikuwa akinifunika kikombe kwa kipande cha kitambaa, anakifunga kwa uzi ili uji usimwagike njiani, halafu ananiuliza mdogo wangu anaendeleaje.

Nisalimie wajukuu, na yule jirani yako mshonaji. Ukiona huna la kunijibu, usiandike; nitajua kwamba barua imefika.

Ni mimi kaka yako,
mtoto wa kwanza wa mama.