Nkungu, Mganda Usio na Ngoma

Jumapili, 7 Agosti 1938. Lipingo

Vipande vipya vya mganda, mchezo wetu wa vibuyu na ngoma, vimeanza kutoka. Kila kiangazi nasema sitaandika tena habari zake, na kila kiangazi naandika. Havina maneno, na masika yakifika vimesahauliwa.

Watu wa Mbamba Bay wametoa "Meli Imekwama". Mbio tupu, kama askari wanaokimbilia posho. Kizuri kwa miguu, si kwa masikio. Wa Liuli wametoa paredi ileile ya mwaka jana, wamebadilisha mwisho tu. Katikati kuna kitu walichokiokota kwenye santuri za duka la Mhindi. Hata hawakukificha.

Sisi tunaye Hyasinti, kapteni wa kikundi chetu, aliyewahi kufanya kazi ya mashineni kwenye meli. Jana jioni alikuja na wenzake watatu, wakanipigia kipande kipya nyuma ya nyumba. Kinaitwa Nkungu — wale vidudu wanaoinuka ziwani kama moshi. Lipenga ni kibuyu kirefu tu, kina tundu ubavuni lililozibwa kwa utando wa buibui. Mtu akivumisha sauti ndani, utando unalia. Hyasinti ameweka utando wa unene tofauti kwa kila kibuyu. Hakuna mwendo wa kuchezea. Sauti moja ndefu, na mwingine anaipokea kabla wa kwanza hajaishiwa pumzi, kwa hiyo haikatiki. Inanenepa. Mwishowe iko kila mahali na huwezi kusema ni nani anapiga. Ngoma hakuna kabisa.

Niliona kwetu, mwambao huuhuu wa ziwa lakini upande wa Wareno, kabla hawajatuchomea nyumba. Tangu nivuke Ruvuma hakuna kitu kilichonirudisha kule hivyo, hata vitabu.

Nikamuuliza Hyasinti: Tadei mpiga ngoma atamweka wapi? "Atapumzika kidogo, Mwalimu." Nikamwonya: huku vibuyu bila ngoma ni vya kumsindikiza mchezaji kaburini. Akasema ule ni mwendo wa kutembea, huu wake hautembei. Ni kweli. Mwenye sikio atasikia tofauti. Wenye sikio ni wangapi?

Jumatatu, 15 Agosti. Kupalizwa kwa Bikira Maria

Siku mbaya. Nusu kichekesho, nusu sijui nini.

Baada ya misa tulikusanyika uwanjani. Vipande vya zamani kwanza, ngoma, vumbi, vigelegele. Kisha Hyasinti akainua mkono na Nkungu ikaanza. Tadei alikaa na ngoma katikati ya magoti, viganja juu ya ngozi, amenuna. Tuliokuwa uwanjani tuliona kila kitu. Waliokuwa kwenye mihogo hawakuona. Walisikia tu: ngoma imenyamaza ghafla, vibuyu vinalia.

Wakaja wanaomboleza. Wanawake, mikono kichwani. Mbele yao Bonifasia, mamake Tadei, akajitupa mchangani kabla hata hajauliza ni nani. Mwanawe yuko pale karibu yake, mzima.

"Mama, inuka," Tadei akasema. "Hajafa mtu. Imekufa ngoma yangu tu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bonifasia hakucheka. Alijipangusa mchanga, akamwendea Hyasinti.

"Nimeshalia. Nimemlilia nani?"

"Samahani, shangazi. Ni mchezo mpya."

"Mchezo. Kilio hakirudi tumboni, mwanangu. Kikitoka kinamtafuta mwenyewe."

Jumbe Raimundi akaamuru ngoma ipigwe, wakaendelea kucheza. Kipande hakikumalizwa. Uzuri wake uko mwishoni, na hawakuufikia.

Alhamisi, 18 Agosti

Tadei amechukuliwa na mamba. Asubuhi, pale wanapooga wanaume.

Mamake hajalia hata kidogo.

Ijumaa, 19 Agosti

Tumezika kile ziwa lilichorudisha. Hakikuwa kingi. Jeneza lilibebwa na watu wawili, na mmoja angetosha.

Hyasinti alikuja na lipenga lake kumsindikiza mwenzake, ndiyo haki ya mchezaji. Nathanieli, kaka wa marehemu, akalipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaliweka chini akalikanyaga. Tadei amekwenda kaburini bila kibuyu, bila ngoma. Sijapata kuona mchezaji akizikwa hivyo, hata wakati wa vita.

Msibani wanasema ni mamba wa kutumwa. Kwamba kijiji kilifanyiwa kilio kisicho na maiti, na ziwa likaleta maiti. Kwamba Hyasinti alijua alichokuwa anakiita.

Jirani yangu Osmund amenieleza kwamba mamba yule amekuwa kwenye matete yale tangu mwezi uliopita. Yeye mwenyewe alimfukuza kwa mawe. Nikamwambia asimame awaambie watu.

"Mimi, Mwalimu? Mimi nina watoto hapa."

Jumapili, 21 Agosti

Jumbe amekuja baada ya ibada. Shikamoo, kata ya togwa, habari za kifua changu. Halafu akasema. Kesho baraza. Neno uchawi halitatajwa, maana Bwana Shauri wa serikali akilisikia atatufunga sote. Itasemwa tu kwamba Hyasinti ahame, na mkewe na watoto, waende upande wa Tingi au popote watakapopokelewa. Watu wanataka aanze kusema mtu asiye na ukoo upande wowote.

"Huyo ni wewe, Mwalimu. Wala usiseme uongo. Sema tu kwamba ulikisikia kipande kile kabla, na kwamba ulimwonya."

Nilimwonya. Ni kweli tupu. Sentensi moja ya kweli, na inatosha kumtoa mtu na watoto wake.

Nikamuuliza: na nikisema habari za mamba wa kwenye matete?

Alizungusha kata ya togwa mkononi. "Mwalimu, sisi tulikupokea ukiwa huna hata mkeka. Hatujakukumbusha siku yoyote. Leo nakukumbusha."

Alasiri nikaenda kwa Hyasinti. Mkewe Kunigunda alikuwa anakoboa mahindi na hakuinua uso. Hyasinti alinipa kigoda. Nilidhani ataniomba nimtetee. Aliniuliza kama mwisho wa Nkungu ulikuwa mrefu mno. Nikamjibu kwamba urefu wake ni sawasawa, lakini kibuyu cha chini kiingie taratibu zaidi. Akatikisa kichwa, kama mtu anayekubali kazi ya kesho.

Jumatatu, 22 Agosti. Asubuhi

Sikulala vizuri. Nimelipima jambo hili kila upande. Kinachonizuia si Jumbe.

Ni Bonifasia. Jana kanisani alinitazama muda wote wa ibada. Kama si vibuyu vilivyomwita mwanawe, basi kimebaki kilio chake mwenyewe. Yeye ndiye aliyelia kwanza, na yeye ndiye aliyesema kilio kinamtafuta mwenyewe, watu wote wakisikia. Nikisimama nikasema mamba alikuwa pale tangu zamani, kwangu ni mamba tu. Kwake si hivyo. Nitamwondolea Hyasinti mzigo na kumtwika mama aliyefiwa. Na hataamini habari za matete, kama mimi nisivyoamini kilio.

Lakini Bonifasia atabaki nyumbani kwake, na makaburi yake, na watu wa kumletea maji. Najua mtu anayehama anabaki na nini.

Scolastika, mke wangu, amezaliwa kijiji hiki. Watu wake wote wamezikwa hapa. Nilimwoa hapa, na kwa ajili yake nikaitwa mtu wa hapa.

Osmund yuko mlangoni. Anasema watu wameshakaa, wananingoja mimi. Hanitazami usoni.

Scolastika amenipa koti. Hajaniuliza nitasema nini. Amerudi jikoni — namsikia anateremsha vyungu kutoka kichanjani, anavifunga kwenye khanga, kimoja kimoja, kama mtu anayehama.