Mabegi ya Upepo Uliyotutumia

Bigwa, Morogoro
Jumapili

Mpendwa dada Yasmin,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wenzako wa pale dukani, na kwamba joto la Dar halijawachosha sana. Sisi huku tuko salama. Goti la Mama limepoa, siku hizi anapanda mpaka kwenye migomba bila fimbo. Baba naye hajambo, na habari yake ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike, maana kwenye simu nisingeimaliza.

Kwanza nikushukuru kwa mzigo. Yale mabegi ya upepo ya springi za nyuma yalifika na basi bila hata mkwaruzo. Fundi Rogers aliyafunga mchana mmoja tu, moja kila upande, kati ya ekseli na chesisi. Alinieleza kuwa kazi yake ni kuinua nyuma ya gari inapolala kwa uzito wa tela, ili magurudumu ya mbele yakanyage barabara vizuri, usukani na breki vitii. Akanionya nisije nikadhani nimepata lori: mzigo ambao pikapu haikuruhusiwa kuvuta jana, hata leo hairuhusiwi. Na nikishashusha nipunguze upepo, la sivyo gari litarukaruka kama mbuzi.

Unajua nilivyokuwa nalihofia lile tela. Mwaka jana tulipokuwa tunarudi kutoka Kingolwira na mashine yetu ya kupura mpunga, pikapu ilikuwa imekaa chini nyuma, boneti iko juu, usukani mwepesi mkononi kama haujashika kitu. Kwenye mteremko tela likaanza kuyumba, nikashindwa kulituliza, tukaishia mtaroni. Baba akavunjika bega. Tangu hapo hakutaka kupanda tena, na wenye mashamba wa Dakawa wakaanza kutafuta mashine za watu wengine. Mashine ile ndiyo inayotulisha, dada. Tusingefika Dakawa msimu huu, sijui tungeishije.

Basi, Alhamisi tukafunga tela, nikajaza upepo kwa fundi pancha mpaka gari likakaa sawa. Baba alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Mara akasema atakwenda mwenyewe, kwa sababu wenye mashamba wanamjua yeye. Akapanda, akashika kishikio cha mlango kwa mkono wake mzima, na mpaka tunaipita Msamvu alikuwa hajakiachia.

Tulipokaribia Dakawa, ng'ombe wakachomoka vichakani, kundi zima, na mbele yao mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akikimbia kuwarudisha. Nilikanyaga breki. Nikangoja tela linisukume kama mwaka jana. Halikunisukuma. Gari liliinamisha pua kidogo, likasimama kwenye mstari wake, na tela limenyooka nyuma yake. Yule mama alikuwa karibu kiasi kwamba aliweka kiganja juu ya boneti. Akavuta pumzi, akatuambia asante, akaendelea kuswaga ng'ombe wake.

Baba akashuka. Akaenda nyuma, akainama kwa shida, akayapapasa mabegi. Akaniuliza tena nimeyatoa wapi.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kukuungamia, dada. Uliniomba nisitaje jina lako, kwa kuwa akijua yametoka kwako atayang'oa. Miaka yote hii, tangu ulipoikataa ile posa ukaenda zako kuuza spea, wewe hutajwi mbele yake. Nyumbani nilikuwa nimesema ni Rogers aliyetutafutia. Lakini pale barabarani sikuweza kumdanganya. Nikamwambia, "Ni Yasmin, baba. Ndiye aliyeyachagua, na ndiye aliyeyatuma."

Lori moja likatupigia honi tusogee, akapanda. Tulipokuwa tumeshaingia njia ya mashambani ndipo akaniuliza kama bado kifua kinakubana wakati wa baridi. Nikamwambia siku hizi una nafuu. Akauliza unakaa na nani. Akauliza kama unapata chakula cha maana. Nikamjibu yote niliyoyajua, naye akawa anaitikia kwa kichwa, macho yake yakiwa nje kwenye majaruba ya mpunga.

Kazi ilikwenda vizuri. Tulianza kwa Mzee Pazi, majirani zake wakafuata, na wiki ijayo wametuita tena.

Jana Baba aliniita uani akanipa kiroba hiki cha mchele mpya unachokipokea pamoja na barua. Mama ndiye aliyeupepeta, ila mdomo wa kiroba ameushona Baba mwenyewe. Akasema nikuambie uje wakati wa Idd uyakague yale mabegi mwenyewe, kwa sababu wauza spea wa Dar hawaaminiki. Nikamuuliza kama niandike hivyo hivyo. Akafikiri kidogo. Akasema nianze na neno "mwanangu," hayo mengine nipange mimi.

Kwa hiyo nayaandika kama alivyotaka: Mwanangu, uje.

Mama anakusalimu sana. Tangu jana anafua mapazia na hataki kusaidiwa. Nisalimie wote hapo dukani. Ukishakata tiketi nijulishe, nitakupokea stendi ya Msamvu na pikapu, bila tela.

Mdogo wako akupendaye,
Nasibu