Dina Harudi Isongole

Ikinga, Ileje

Mdogo wangu Watson,

Pokea salamu kutoka huku milimani. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima hapo Tunduma na vumbi lenu la malori. Sisi tupo. Goti linaniuma, lakini kwa jembe bado nawaacha vijana wa hapa nyuma, waulize. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa langu la tatu linashinda la saba lao.

Ulipiga simu nikakukatia, usinune. Mambo haya siwezi kuyapigia kelele juu ya kilima nikitafuta mtandao, kijiji kizima kinasikiliza.

Najua wakwe wa binti yangu Dina, wa kule Isongole, wamekulilia, maana mshenga ulikuwa wewe. Hapa walikuja Jumapili baada ya ibada, Felix mumewe na Osea baba yake Felix, wamebeba kuku wa kumfuatia mke aliyekimbilia kwao. Unajua mwenyewe, ukishamchinja kuku huyo, mke anarudi siku hiyohiyo. Mimi nikamwacha uani na kamba yake miguuni. Osea akacheka, akasema siku hizi mzee Amoni anafuga wake za watu. Nikamjibu kuwa yeye kafuga ngumi. Felix akasema ni ugomvi mdogo tu, kila nyumba ina moshi wake. Nikamwambia moshi hauvunji taya. Wakaondoka na kuku wao.

Sasa nasikia unasema nimeuaibisha ukoo kwa ukaidi. Ukaidi ninao, sikatai, tena kwa ukaidi hakuna wa kunifikia. Lakini sikiliza.

Dina alikuja na mfuko wa mbegu ya maharage, ameichagua mwenyewe punje kwa punje. Hata hajatulia, akaanza kuigawa. Huyu kikombe, yule kikombe, na vitenge vyake vyote akawapa mabinti wa jirani yetu Jenista. Mimi nikatamba kanisani, nikasema mnauona mkono wa binti yangu, ukarimu huo kautoa kwangu. Ketrina mke wangu akaniambia nyamaza mzee, mvua iko mlangoni, mwanamke gani anagawa mbegu yote? Huyo hategemei kupalilia. Nikamwambia anaota. Lakini neno lake lilinikaa shingoni. Nikamfuata Dina jikoni nikamwuliza wazi, maana kuzungukazunguka sijui, kama anataka kufa.

Akasema ndiyo, baba. Hata hakulia. Akasema wazo lile lilianza siku Felix alipompiga mara ya kwanza, na kila alipopigwa lilirudi likakaa zaidi, mpaka akalizoea kama mtu wa nyumbani. Hapa kwetu limepungua. Ila akisikia habari ya kurudishwa, linamjia tena.

Hili sikumwambia Osea. Nakuambia wewe, baba yake mdogo.

Tulimpeleka zahanati, mimi na Ketrina, yeye katikati yetu. Nesi alikaa naye sana. Akatuambia wanawake wanaopigwa na waume zao, wengi wazo hilo huwajia, si wazimu wala laana. Mimi nilihofu kuwa swali langu ndilo limemtia hilo wazo. Nesi akasema hapana, mtu akiulizwa anapata pa kupumulia, nisiache kumwuliza. Kila Alhamisi anarudi kwake. Peke yake hatumwachi.

Basi na Osea usije. Njoo na shemeji, mle na Dina, umwite mwanangu kama ulivyozoea. Ukija kusuluhisha utalala nje, ingawa tumetoka tumbo moja.

Ketrina anawasalimu wote, watoto wasome. Ningekuandikia zaidi, maneno ninayo tele, lakini jana nilipomwuliza Dina alisema wazo lilikuja kidogo likapita, na ya leo sijamwuliza bado. Namsikia anatwanga nyuma ya nyumba. Naenda.

Ni mimi kaka yako usiyeniweza,
Amoni