Tumbo Lililovimba Upande Mmoja

Jumapili, 10 Septemba

Sijapata choo tangu Jumatano. Tumbo limevimba – upande wa kulia tu! Kushoto bapa kama zamani. Nikikohoa, kushoto kunakaza, kulia kunatokeza nje. Nimekohoa mbele ya kioo mpaka Tautvydas akauliza kama mkewe ameshikwa na wazimu. Mezani mama mkwe ananiongezea viazi: kula, mko wawili. Hapana, Mama, nimeshapima, sina mimba. Ugnė wangu, miaka mitatu, akabonyeza kwa kidole: "Mama, mkate umeumuka."

Jumanne, 12 Septemba

Mgongo unawaka, moto unazunguka hadi kitovuni. Hata blauzi ikigusa naumia. Mama anasema ni uyoga, sikuuchemsha vya kutosha. Lakini sote tulikula sufuria moja! Mbona mimi tu? Tautvydas: labda uyoga nao unachagua. Nikacheka – kulia hakukukaza hata kidogo. Ajabu.

Ijumaa, 15 Septemba

Zahanati. Daktari akabonyeza, akauliza: umeingia msituni kiangazi hiki? Sijafungua mdomo, Mama akadakia: "Msituni wapi, daktari! Uyoga tunanunua sokoni." Hapa kwetu Varėna, msitu kila upande, nani ananunua uyoga? Lakini mahali petu pa kuchuma ni siri ya ukoo. Tautvydas mwenyewe hakunionyesha mpaka tulipooana. Nikaitikia kwa kichwa. Nimepewa dawa ya kulainisha choo.

Jumapili, 17 Septemba

Choo kidogo. Uvimbe uko palepale. Naoga, nikakumbuka: Julai tuliporudi kutoka kuchuma, kupe alikuwa kaning'ang'ania kiunoni. Mama akampaka siagi, tukangoja atoke mwenyewe. Baadaye duara jekundu – nikadhani mpira wa sketi umenibana. Upande uleule wa kulia!

Nimemwambia Mama kesho namweleza daktari yote. "Eleza, halafu Jumamosi umkute daktari pale petu na ndoo ya uyoga." Nakuheshimu, Mama, ila tumbo ni langu, na nina mtoto wa kulea. Kanuna. Lakini kasema atakuja.

Jumatatu, 18 Septemba

Naandika koridoni, zahanati; Mama kaja, na Ugnė pia. Daktari hakuuliza msitu gani, alitaka habari za kupe tu. Anadhani ni ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe: umeingia kwenye mishipa ya fahamu, misuli ya tumbo upande ule imelala, utumbo nao unasuasua. Kidudu kile! Kesho hospitali kubwa, watapima maji ya uti wa mgongo, kisha dawa ya mshipani. Nitapona? Wengi hupona, kasema, ila huchukua miezi.

Kisha akauliza: siku hiyo msituni ulikuwa na nani? Na binti yangu.

Mlango ulikuwa wazi. Mama akainuka, na mbele ya foleni nzima, kwa sauti: "Nyuma ya mnara wa zimamoto, daktari, ng'ambo ya kijito, kwenye misonobari michanga! Majani marefu, mtoto kacheza humo kutwa!" Jirani mmoja kavuta kiti karibu.

Sasa Mama amemvua Ugnė soksi, anapekua nyuma ya magoti. Ananiita: "Hebu njoo, mwanangu. Hili doa jekundu ulikuwa umeliona?" Sikuwa nimeliona. Ugnė anatekenyeka, anarusha mateke. Daktari katoka chumbani, kamshika mguu, anawasha tochi –