Siku Niliyomtaja Minza

Jumatatu, 6 Juni 1955
Zamu yetu kuchota maji. Ndoo mbili kila mmoja, kisha bustani. Ngiri wamefukua mihogo tena.
Baada ya chakula Mwalimu Mkuu alituita sisi wasichana wa darasa la nane. Tuandae Siku ya Ukoma hapa shuleni, vijiji vyote vya jirani vialikwe. Nyimbo, mchezo, na maelezo ya dresa, mhudumu wa tiba wa zahanati. Vidonge vipya vimekuja lakini wagonjwa hawajitokezi. Wenzangu walifurahi. Mimi nilitazama chini.
Dada yangu Minza anao huo ukoma. Hapa shuleni hakuna anayejua.

Jumatano, 8 Juni
Dresa alikuja kutufundisha. Baka kwenye ngozi, ukilichoma kwa mwiba halisikii. La Minza lilianzia begani, akiwa na mwaka mmoja tu kwenye ndoa. Mumewe akamrudisha. Sasa analala peke yake kibandani, nyuma ya zizi, wala haingii jikoni. Majirani wakiuliza, Mama husema amemfuata Baba machimboni Geita. Nami husema hivyo hivyo.
Nilimuuliza dresa kama vidonge vinaponya kweli.
"Vinaponya," akasema. "Ila vidole vilivyokwisha kuharibika havirudi. Ndiyo maana nataka waje mapema."
Minza bado ana vidole vyote.

Jumamosi, 11 Juni
Mazoezi. Rebeka wa darasa letu ndiye aliyetunga mchezo na ndiye mgonjwa. Anakunja vidole, anachechemea, anaomba chakula kwa sauti ya puani. Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini.
Nami nilicheka. Najichukia.

Alhamisi, 16 Juni
Nilimwomba Rebeka asimfanye mgonjwa kichekesho.
"Watu watakaaje muda wote huo kusikiliza habari za ukoma bila kucheka?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ubaya.
Mama ametuma salamu. Atakuja na wanawake wa kwetu. Naogopa.

Jumamosi, 18 Juni
Imekwisha.
Watu walijaa kiwanjani. Mama alikaa mbele pamoja na majirani. Wimbo ulikwenda vizuri. Kisha Rebeka akatoka anachechemea, na kiwanja kizima kikaangua kicheko. Mama pia, mkono mdomoni, kwa kuwa kila mtu alicheka.
Sikuvumilia. Nilitoka kwenye kundi la waimbaji nikasimama kando ya Rebeka. Nilisema kwa Kisukuma ili wote waelewe. Mgonjwa hafanani na huyu. Dada yangu Minza ana ukoma. Hayuko Geita. Yuko nyumbani, analima nyuma ya zizi, anasuka mikeka, ana vidole vyote.
Mama aliinuka, akajifunga khanga upya, akaondoka. Hakuna mwanamke aliyemfuata.
Dresa alipozungumza, walimsikiliza kweli. Nilijiona shujaa. Kwa muda mfupi.

Jumapili, 19 Juni
Msichana wa kitanda cha jirani amehamia upande wa pili wa bweni. Rebeka amekuja kulala pale.

Ijumaa, 24 Juni
Shule imefungwa. Nimetembea asubuhi nzima hadi nyumbani, nikidhani Minza atanishukuru.
Alikuwa anapura mtama.
"Shikamoo, dada."
"Marahaba."
Akaendelea kupura. Nilisimama pale na mzigo wangu kichwani. Hatimaye akasema, "Ugonjwa ni wangu. Ungeniuliza kwanza."
Nikamwambia nilitaka apone.
"Najua. Ungeniuliza."
Ni kweli. Siku zote zile nilimwaza yeye, wala halikunijia wazo la kumuuliza. Mama hasemi nami. Ananipakulia chakula tu.

Jumanne, 28 Juni
Nimemwomba Minza radhi. Jioni akauliza zahanati hutoa vidonge siku gani.

Alhamisi, 30 Juni
Tumekwenda, wawili. Nilimwacha atangulie. Njiani watu fulani waliacha njia wakapita majanini.
Zahanatini walikuwepo wanawake watatu tusiowajua, kila mmoja amekaa mbali na mwenzake. Minza akaketi karibu na wa kwanza. "Mwangaluka," akamwamkia. Yule mwanamke akaitikia, akasogea kumpa kivuli zaidi.
Dresa akaandika jina la Minza.
Tuliporudi Mama alikuwa anapepeta. Hakuinua macho.
"Wamesemaje?" akauliza.
"Niende kila wiki," Minza akajibu.
Mama akaendelea kupepeta. Kisha akamwambia maji ya kuoga yapo jikoni, bado ya moto.